Shikamoo ya Kisanduku

Jumatatu, 4 Machi
Fundi wa ving'ora amefunga kisanduku ukutani, hapa karakanani tunaposhona sare za shule. Maajabu! Jicho la darini likiona moshi, au mlango ukivunjwa, kisanduku kinachukua laini ya simu. Hata bosi akiwa anaongea, kinamkata! Kinapiga namba ya kwanza, kinatoa sauti iliyorekodiwa. Mpokeaji akibonyeza tisa, kinaacha kupiga; asipobonyeza, kinakwenda ya pili, ya tatu, ya nne ndiyo zimamoto. Kisha kinaanza upya. Hakinuni. Mimi nikiomba mara mbili nisijibiwe, nanuna.

Jumanne, 5 Machi
Sauti karekodi karani, tunayemwita Kalamu Mbili. "Moto karakanani. Njooni." Basi! Mtu mzima unampigia hivyo, bila salamu? Na Jumamosi bosi anachagua msimamizi: yeye, au mimi mtunza stoo. Miaka kumi na tisa nimengoja. Nimepata wazo.

Jumatano, 6 Machi
Karani katumwa posta. Nimebonyeza kitufe chekundu, nikafuta yake, nikaweka yangu. Kinapokea sekunde ishirini tu! "Shikamoo bosi. Habari za tangu jana? Mama hajambo? Watoto je? Ni mimi, wako mtiifu wa stoo. Huku wazima, tunamshukuru Mungu, ila kuna..." Tii! Muda umekwisha. Si neno. Adabu imefika.

Alhamisi, 7 Machi
Sasa bosi aisikie. Saa ya chakula, watu wametoka, nimechoma kitambaa ndani ya kopo chini ya lile jicho. Nikaenda uani kungoja kuitwa shujaa.
Simu ikalia mfukoni. Mimi ndiye namba ya tatu. Sauti yangu mwenyewe, nzito, ya heshima! Kisanduku kisicho na mama wala baba kinaniamkia! Kuitwa bosi! Machozi yakanilenga. Nikajibu, "Marahaba, mwanangu," nikabonyeza tisa kama tulivyofundishwa.
Kikanyamaza. Ndipo nikakumbuka namba ya nne.
Kopo lilikuwa limepinduka.

Ijumaa, 8 Machi
Nimekiri yote. Sare arobaini zimeungua. Bosi anasema alipokea, akaitikia marahaba, akasema watoto hawajambo, akakata. Karani aliposikia ni mimi, akasonya, akakata. Lakini ndiye aliyeona moshi dirishani, akaja mbio na ndoo ya mchanga. Kaniuliza, "Mzee, pale uani ulikuwa unaongea na nani?"
Bosi hakungoja Jumamosi. Msimamizi ni Kalamu Mbili.
Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Anasema mimi hata nyumba ikiwaka nitabisha hodi.

Jumatatu, 11 Machi
Kalamu Mbili karekodi upya. Maneno matatu, ukavu uleule. Nimekitazama kisanduku, kijitaa chake cha kijani kinapepesa bila kinyongo. Mola wangu, kiumbe mpole namna hii, anatiwa ukali mdomoni!
Msimamizi kaenda kunywa chai.
Kosa langu nimelijua: salamu zilizidi. Safari hii nimewatoa watoto. Nafasi yao nimeweka samahani kwa usumbufu. Zikabaki sekunde mbili za kutaja moto.
Nimezimalizia kwa amina.