Mishale Kumi na Miwili

Jumatano, 5 Juni

Mimi na bahati tulizaliwa siku moja, tukalazwa kitanda kimoja. Leo asubuhi nimeshinda tiketi redioni! Wikendi ya Muziki na Sanaa, kule kwenye ghala la zamani. Kiti cha mstari wa mbele, namba tatu. Mtangazaji aliuliza swali gumu, mji mzima ukababaika, mimi nikapiga simu na kujibu kabla hajafika kwenye alama ya kuuliza. Akanipigia makofi hewani.

Nimemwambia kinyozi, nimemwambia fundi viatu, nimewaambia wote waliokuwa kwenye foleni ya maji. Kinyozi akasema redio ile anaifungulia kutwa na hakunisikia. Nikamwambia mashine yake ya kunyolea ina kelele. Watu wana kijicho, jamani!

Halafu bahati haiji peke yake. Binti yangu anapiga gitaa la besi katika bendi yao ya wasichana wanne, na wamechaguliwa kupiga Jumamosi. Mama Miwani, ambaye ndiye mwenye shughuli yote, amewaambia wazi: ghala likijaa, anawapa kila Jumamosi ya mwaka. Lisipojaa, warudi wakapige sebuleni. Mtoto amefanya mazoezi mpaka vidole vimeota sugu kama vyangu. Damu nzito kuliko maji.

Mchana nikampelekea Mama Miwani kazi zangu kwa ajili ya maonyesho ya picha. Nilichagua zile bora tu. Lile jino kubwa la daktari wa meno. Yule kuku anayecheka. Na MBWA MKALI, niliyemchora meno yote, moja moja, bila kupunja. Miaka ishirini na sita ya brashi! Mama Miwani akatazama, akapandisha miwani, akatazama tena. Akasema kwa upole kabisa kwamba hayo ni mabango ya biashara, baba, siyo sanaa.

Siyo sanaa! Ukutani kwake kuna kitambaa cheupe chenye doa moja jekundu. Doa! Mimi nikidondosha rangi sakafuni mke wangu ananifokea wiki nzima. Wenzangu wakidondosha wanapewa ukuta.

Bango kuu la shughuli nalo kampa jirani yangu, Bwana Mashine. Mtu asiyejua brashi inashikwa upande gani! Anabonyeza kitufe, anakunywa chai, bango limetoka. Mimi, ili nisilie mbele za watu, nimepewa mishale. Mishale kumi na miwili ya kuelekeza wageni. Bingwa mzima nachora vidole!

Alhamisi, 6 Juni

Sikulala kwa hasira. Nililala kidogo.

Mke wangu akaniambia niache kununa, mshale nao ni kazi ya heshima, mtu aliyepotea haulizi picha, anauliza mshale. Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka. Aliyepotea anafuata mshale! Mke wangu ana akili nyingi ila hajui pa kuzipeleka. Mimi najua.

Mpango ni huu. Kutoka barabara kuu hadi ghalani ni moja kwa moja, hata kuku anafika. Lakini pale kona ya duka la dawa kuna uchochoro unaoingia kushoto hadi uwanja wa shemeji yangu, mchomelea vyuma. Nakunja mshale mmoja kidogo tu. Wageni wanaingia kwa shemeji, wanakuta Maonyesho Makuu ya Mabango, wanashangaa, wanalia wenye kulia, kisha mishale mingine inawatoa upande wa pili hadi ghalani. Mishale kumi ya kuwaleta, miwili ya kuwatoa. Nani kaumia?

Shemeji akauliza yeye atapata nini. Nikasema umaarufu. Akanikumbusha kwamba mara ya mwisho nilipomletea umaarufu walikuja nao zimamoto. Huyu mtu hasahau! Nikamwahidi mageti yake nayo yatakuwa maonyeshoni, pamoja na lile lisilofunga. Akakubali.

Ijumaa, 7 Juni

Binti kapita jioni, gitaa mgongoni. Akaniambia Baba, sisi ndio tunaofungua, saa kumi kamili, tafadhali usichelewe. Nikamjibu sawa mwanangu, lakini moyoni nikacheka. Mtoto kalelewa vizuri, hapendi makuu. Wakubwa hawafungui, wakubwa wanafunga! Mimi nimeshawatangazia watu wote kwamba binti yangu anafunga shughuli, jua likizama. Siwezi kurudi kwa kinyozi na habari ya saa kumi.

Akaniuliza kama tiketi ninayo. Nikasema ninayo, ile ya redioni. Akanitazama. Akacheka kidogo, akanirekebisha kola, akaenda zake.

Mishale nimeipachika. Mizuri mno! Nimeitia rangi ya njano na kivuli cheusi, mtu akiiona miguu yenyewe inageuka. Bwana Mashine akapita, akasimama pale kona ya duka la dawa, akakuna kidevu. Akauliza jirani, mshale huu si unatazama pabaya? Nikamjibu kwamba aliyezoea vitufe hawezi kuelewa kona. Akasema haya bwana, yeye njia anaijua. Mshenzi.

Jumamosi, 8 Juni

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Niandike kwa utaratibu.

Saa tisa walianza kuja. Kumi, hamsini, mia, mia mbili! Uwanja wa shemeji haujawahi kuona viatu vizuri namna ile. Wakapiga picha na mbwa wangu. Wakamcheka kuku, naye anacheka, ikawa furaha tupu. Mzee mmoja mwenye kofia akasimama mbele ya lile jino, akashika shavu, hakuondoka. Jamani, hiyo si sanaa ni nini? Nikatembea katikati yao mikono nyuma, naitikia salamu ambazo sikupewa.

Halafu foleni. Niliiona ndefu, imepangika vizuri, watu na tiketi zao mkononi, nikajua hao ndio wanatoka kwenda ghalani. Nikawapungia. Sikujua kwamba shemeji amechoka kuulizwa choo kiko wapi, akachukua mishale yangu miwili ya kutokea akaipachika kuelekea chooni kwake. Watu tisini wamepanga foleni mlangoni mwa choo cha bati wakisubiri muziki! Aliyekuwa ndani, maskini, kila akitaka kutoka anaulizwa kama kuna viti.

Ndipo besi ikaja juu ya mapaa. Dum, dum-dum, dum. Nikainua kidole, nikawaambia wageni wasikilize, huyo ndiye mpigaji, si hawa wa siku hizi wanaokwaruza nyuzi. Nikawaambia besi kama hiyo inatikisa vikombe kabatini. Kisha nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Besi hiyo vikombe inavyotikisa ni vyangu! Miaka mitatu sasa!

Saa kumi na dakika kumi na mbili.

Nikapiga kelele kwamba ghala liko kule, hapa ni chooni, tukimbieni! Mama mmoja akawaambia wenzake wasidanganyike, huyu anataka kutupunguza ili apite mbele. Wakashikana mikono. Nikaapa kwa brashi zangu. Nikamwambia shemeji awaambie. Shemeji akasema yeye ni wa mageti tu. Mpaka aliyekuwa ndani alipofungua mlango kwa nguvu na wote wakaona kwa macho yao, dakika ishirini zilikuwa zimekwisha.

Tukakimbia, mimi mbele, mia mbili nyuma. Tumefika, wasichana wanakunja nyaya.

Waliowasikiliza walikuwa kumi na mmoja. Nimewahesabu kwa sababu wote walikuwa bado wamekaa: mke wangu, mama mkwe, fundi mitambo, walinzi wawili, wapita njia watano, na Bwana Mashine. Bwana Mashine anapiga makofi! Mstari wa mbele kiti namba tatu, kitupu, kinang'aa. Mama Miwani aliandika kitu kwenye daftari, akalifunga. Binti aliniona. Akaendelea kukunja waya, taratibu, kama mtu anayekunja shuka la mgonjwa.

Nyumbani mke wangu hakufoka. Ningependa afoke. Akasema tu kwamba mtoto alipiga nyimbo zote sita akikitazama kile kiti.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi nikaenda kwa Mama Miwani. Nilikuwa nimeandaa maelezo mazuri kabisa kuhusu upepo. Upepo uligeuza mshale, upepo wa ghafla, wa kushoto. Nikafungua mdomo, ukatoka ukweli. Sijui umepitia wapi! Nikamwambia mishale niliikunja mimi, watoto wale hawana kosa, wageni walikuwepo, ila walikuwa chooni kwa shemeji yangu.

Akavua miwani. Sijawahi kumwona bila miwani. Ana macho madogo, yenye huruma. Nikaanza kuihesabu misumari ya ukutani. Akasema wasichana watapiga tena leo, saa kumi. Lakini yeye mishale yangu haiamini tena. Kwa hiyo nitashika mmoja mkononi, nisimame kona ya duka la dawa tangu saa nane hadi saa kumi na moja, na nisijongee.

Mimi! Fundi mkuu! Mshale wenye miguu!

Nikasimama. Jua lile usiseme. Bwana Mashine akapita na mke wake, akaniinamia kama anamsalimu hakimu, akaniuliza eti ghalani ni wapi. Nikamwelekeza. Akaenda hatua tano, akarudi, akauliza tena ili ahakikishe. Nikamwelekeza tena, meno nje kama yule mbwa.

Lakini hakuna aliyepotea leo! Nimepeleka kila mwenye miguu. Wenye tiketi, wasio na tiketi, harusi moja iliyokuwa imekosea njia. Baba mmoja alikuja kununua dawa ya kikohozi nikamwambia muziki kwanza, kikohozi baadaye. Alikwenda. Niliwahesabu mpaka mia tatu na nne, nikapoteza hesabu.

Saa kumi kamili besi ikaja juu ya mapaa. Sikujongea. Mshale ulijongea kidogo wenyewe, juu chini, kwa mapigo. Nyimbo sita, nimezisikia zote. Ya tatu ilinifanya nitazame ukutani muda mrefu. Vumbi la kona ile ni baya sana kwa macho.

Jioni binti akaja. Wamepewa kila Jumamosi! Akaniuliza kama nilisikia. Nikamwambia nilikuwa na kiti kizuri kuliko wote. Akauliza kilikuwa wapi. Nikasema pembeni kidogo. Akanishika mkono, sugu kwa sugu, akasema Baba wewe, huwezekani.

Jumatatu, 10 Juni

Hakuna shukrani duniani! Nimejaza ghala kwa mkono mmoja, bango la mwezi ujao kapewa nani? Bwana Mashine! Mama Miwani kaniita, nikavaa shati safi, nikadhani ni ukuta. Anamtaka MBWA MKALI. Moyo ukaruka. Akasema wa kutundika getini, kwa ajili ya usalama. Getini! Doa liko ndani kwenye kivuli, mbwa wangu ananyeshewa mvua nje. Nimempa. Lakini nimempa kwa hasira.

Nimetafakari usiku kucha kosa lilikuwa wapi, na nimelipata. Mishale ilikuwa michache. Ingekuwa inatosha, lisingetokea lolote! Sasa kila Jumamosi ni umati, na umati unahitaji kuelekezwa. Nitachora ishirini na minne: kumi na miwili ya kuwaleta kwa shemeji, kumi na miwili ya kuwatoa. Na miwili ya choo juu yake, kwa rangi nyingine. Shemeji nimeshamweleza. Alikuwa amefunga geti, lile lisilofunga, kaliegemezea tanki la gesi. Nilimweleza kupitia kwenye upenyo. Hajakataa, alizima taa tu.

Kinyozi leo kaniuliza tena lile swali la redioni lilikuwa lipi. King'ang'anizi huyu! Nikasema nimesahau.

Haya. Daftari hili hasomi mtu. Sikushinda kitu redioni. Hata simu sikupiga. Bendi walipewa tiketi moja ya mzazi, na binti yangu alinikabidhi mimi, Jumanne, kwa mikono miwili. Bado iko mfukoni mwa shati. Haijachanwa.