Mkwe wa Pancha

Jumatatu, 23 Septemba

Daktari amesema nikikosa usingizi niandike yanayonisumbua, nisimpigie simu yeye. Basi naandika. Shule nilisoma ya kijijini tu, mwandiko wangu kuku angeuonea haya. Hapa hasomi mtu.

Linalonisumbua ni moja. Lenz. Ana miaka thelathini na minane, hana mke, hana hata dalili ya mke. Kutwa yuko mlimani na mizabibu, mahali pamesimama kama ukuta, mbuzi angeomba ngazi. Akishuka anakula, anaoga, analala. Mashamba ya jirani huko juu yamekwisha kuachwa, yamekuwa miiba mitupu. Baba yake alishafariki. Siku nikimfuata, nani atamuuliza mwanangu kama amekula?

Gerlinde, ng'ambo ya kichochoro, ana mkwe. Mkwe mwenyewe alikuja na baiskeli kutoka Ubelgiji, akapata pancha mbele ya mlango wa Gerlinde, Timo, kijana wa Gerlinde, akamzibia. Leo wana watoto watatu. Haipiti wiki bila kunikumbusha. Asubuhi ameniambia, Burga mwenzangu, subiri tu, Mungu hana haraka. Alikuwa anampangusa mjukuu kamasi. Makusudi, nione kamasi.

Nimekaa dirishani kuangalia njia ya baiskeli. Zamani hapo palipita treni ndogo ya mvinyo, nayo ilisimama kila kijiji, utake usitake. Reli ikang'olewa, ikamwagwa lami laini, magari marufuku. Wageni wanaisifu mno. Mimi naona ubaya wake. Njia isiyo na gari haina cha kumsimamisha mtu. Wanateremka pamoja na mto Moseli kama majani makavu, wanapunga mkono, wamekwenda.

Jumanne, 24 Septemba

Kumbe Mungu ana haraka. Jioni ameingia mwanamke peke yake na baiskeli, ameona ufagio unaning'inia mlangoni. Kwetu ufagio ukiwa juu, nyumba inauza mvinyo wake na chakula kidogo. Ukiwa chini, mtu asigonge. Ameuliza kama kuna chumba. Kipo. Hata kisingekuwepo kingekuwepo.

Anaitwa Wietske, Mholanzi wa kule kaskazini kabisa, nesi, mabega mapana. Nimeyapenda mabega. Kapu la zabibu mgongoni halitaki mrembo, linataka mabega.

Nimemuuliza kwa adabu kama ana mume. Amesema alikuwa naye. Nimempa pole kwa mdomo, moyoni nimewasha mshumaa.

Nimempa soseji ya damu, viazi, keki ya vitunguu, halafu keki tena. Lenz ameshuka mlimani, amesema habari za jioni, amekula huku anaitazama sahani kana kwamba itakimbia. Babu Nikla, baba mkwe wangu, mdomo wake hauna breki. Amemuuliza mgeni kama wanawake wote wa kwao wana mapaja ya namna hiyo au ni yeye tu. Mgeni amecheka, amesema babu aje aone mwenyewe. Lenz amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Ni mwanzo.

Lakini kesho anaondoka. Asubuhi, amesema. Mapema.

Jumatano, 25 Septemba

Nimewatangulia kuku kuamka. Nimeingia bandani na sindano ya kushonea magunia. Tairi la nyuma la baiskeli yake. Lilitoa pumzi taratibu kama mgonjwa anayekata roho, ikabidi nipige ishara ya msalaba. Kisha nikarudi jikoni kukaanga mayai.

Mpango ulikuwa huu. Mgeni aone tairi, ahangaike. Nimwite Lenz. Lenz azibe. Macho yakutane juu ya gundi.

Yaliyotokea: mgeni ameona tairi, amesema aa, pancha. Amegeuza baiskeli miguu juu, ametoa viraka mkobani, ameziba kabla chai yangu haijapoa. Lenz alikuwa bado anatafuta kiatu. Halafu mgeni ameona toroli letu, tairi bapa tangu Pasaka, akaliziba na hilo. Nimeona aibu. Nimempenda zaidi.

Nikamwambia asiondoke, mvua inakuja. Hakukuwa na wingu hata moja. Nikasema nalijua goti langu. Goti hili limedanganya maisha yake yote, leo limesema kweli: haujafika mchana, mvua imemwagika. Amebaki.

Gerlinde amepita na mwavuli, ameichungulia baiskeli bandani. Ameuliza kama ni pancha. Nimesema ni mvua. Amesema haya bwana, ila mvua hukatika, si ya kutegemewa kama pancha.

Alhamisi, 26 Septemba

Mvua bado. Sasa tatizo ni jingine: nyumba imejaa. Waendesha baiskeli wote wa bonde hili wamekimbilia kwetu, suruali za kubana, wanatoa mvuke kama ng'ombe zizini. Lenz anakimbia na chupa. Wietske amebanwa pembeni na walimu wawili wastaafu wanaomweleza habari za breki zao. Yeye na mwanangu hawajasemeshana neno zaidi ya chumvi.

Walipopungua kidogo nimefanya jambo. Nimepanda ngazi, nimeushusha ufagio. Nilitaka nyumba iwe tupu, wawili hawa na chupa moja mezani, basi. Babu nimempeleka alale.

Nilikisahau kijiji. Ufagio ukishushwa katikati ya msimu, na mapipa yamejaa, kwetu maana yake ni moja tu: ndani kuna maiti. Mimi mwenyewe niliushusha siku ya Alfons, marehemu mume wangu. Nikasimama pale pale, kwenye ngazi ile ile. Leo sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Wa kwanza ni Gerlinde, gauni jeusi, keki ya plamu mikononi. Amenikumbatia. Amesema shoga yangu, ameishi vizuri, hakusumbua mtu. Nyuma yake mke wa mwoka mikate, nyuma yake kwaya ya kanisa, nusu yake. Wote na keki. Kengele ikaanza kulia. Nikasema jamani hapana, hapana, nao wakadhani ni uchungu, wakanikalisha kwa nguvu. Mmoja akaanzisha Baba Yetu, na wale walimu wastaafu wakavua kofia zao ngumu.

Ndipo babu alipotokea na soksi zake, akauliza amekufa nani.

Gerlinde akamwambia, wewe.

Babu amezitazama keki. Amewatazama watu, mmoja mmoja. Ameuliza wazima moto wako wapi, maana amekuwa mwenzao tangu ujana. Amekaa, amekula keki ya msiba wake, uso umemkunjamana. Nilipokwenda kumfunika blanketi ameniuliza kama kweli kwaya ilikuwa nusu tu. Nimemwambia wengine walikuwa na mafua.

Katika vurugu hiyo Lenz na mgeni wametoroka. Lenz ameitoa baiskeli ya marehemu baba yake kule chini kwenye ghala la mapipa, hakuwahi hata kuigusa. Mvua ilikuwa imekatika. Wamerudi giza likiingia, matope mpaka kwenye nyusi, na mwanangu anacheka. Kicheko hicho sijakisikia tangu tumzike Alfons. Nilisimama jikoni na kitambaa cha vyombo, nikajifuta machozi kwacho.

Nimeshinda.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimesikiliza mlangoni. Mama ana haki hiyo.

Wietske anamweleza njia. Ukiifuata Moseli, unafika Koblenz, hapo inaingia mto Raini. Ukiufuata Raini, unafika kwao. Mito tu na mizabibu, halafu mito tu na ng'ombe, na huko kote gari hulioni ila ukipenda. Lenz ameuliza kama kweli kwao hakuna mlima. Amejibiwa mlima wao ni upepo. Ameuliza tena, hakuna hata kidogo? Hakuna hata kidogo. Lenz amesema yeye Koblenz amefika kwa ajili ya meno tu.

Nimefurahi sana. Mwanangu anauliza maswali. Nikaona chuma ni cha moto, nikaingia na keki. Nimemwambia Lenz, msindikize mgeni mpaka Koblenz, kwenda na kurudi siku mbili. Zabibu bado zina ukali, zinataka wiki nyingine ya jua. Njiani mtazungumza.

Akaniambia, "Mama, na mlima?"

Nimemwambia mlima hauna miguu, utaukuta hapa hapa.

Akaniambia si sawa aniache na babu. Nimemwambia babu ameshakufa jana, hana shida tena. Babu amesema ni kweli.

Nimemfungia mikate, jibini, soksi, sweta mbili. Ameziangalia zile sweta kwa muda mrefu. Halafu amenibusu kichwani, jambo asilolifanya. Nimeona ni shukrani.

Jumapili, 29 Septemba

Wameondoka jana asubuhi, ukungu mpaka majini. Amepunga mkono kama wanavyopunga wote.

Leo kanisani nimekaa safu ya mbele. Nimemwambia Gerlinde kwamba mkwe wangu hahitaji mtu wa kumzibia pancha, anajizibia mwenyewe. Gerlinde akafungua kitabu cha nyimbo pasipo wimbo. Sijapata Jumapili nzuri kama hii miaka mingi.

Jioni nimepika kwa watu wanne. Hawakufika. Nimemwambia babu labda upepo ni wa mbele. Babu amesema mto unakwenda upande mmoja tu, Burga. Sijampa chakula zaidi.

Nimekwenda bandani kufunga mlango. Bila baiskeli pale ndani ni pakubwa sana.

Jumatano, 2 Oktoba

Lenz amepiga simu. Yuko mbele ya Koblenz, mbele sana, yuko mji wa Koloni, kando ya Raini.

Amesema nikae. Nimekaa. Amesema watakuja Jumamosi kwa treni mpaka mji wa karibu, yeye na Wietske, wavune zabibu zote, mpaka kishada cha mwisho. Baada ya mavuno anahamia kwao Wietske. Mlima atauchukua Timo wa Gerlinde, wameshazungumza, hautageuka miiba. Alisema polepole, kama mtu anayemshusha mtoto kwenye ngazi.

Nikamuuliza, tangu lini umetaka hivyo?

Akasema tangu zamani, mama. Nilikuwa sijui nikuambieje. Ila uliponifungia sweta mbili kwa safari ya siku mbili, nikajua umenielewa, umeniruhusu.

Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Nimekuelewa. Nikamuuliza kama amevaa mojawapo. Amesema ameivaa.

Gerlinde amekuja. Alikuwa anajua. Hakucheka, na hilo ndilo baya kuliko yote; mwanamke huyu amenicheka miaka thelathini, leo ameshindwa. Amesema Timo atautunza mlima kama wake mwenyewe. Nimemwambia najua, ndiyo maana naumwa. Tumekaa hapo tukitazama njia. Amepita mzee mmoja na baiskeli, amepunga. Hatukumpungia.

Alipoondoka nimefikiri sana, kwa sababu mtu lazima ajifunze. Kosa nimeliona. Kosa langu ni Koblenz. Ningewaelekeza upande wa juu wa mto, kwenye mwinuko na upepo wa usoni, wangechoka siku ya kwanza na kurudi wamepatana. Upande wa mto nilioutumia ndio mbaya.

Basi Jumamosi wanakuja, na mavuno hayaishi siku moja. Mtoto hawezi kumwacha mama mgonjwa, na mkwe mwenyewe ni nesi, atakataa yeye kwanza. Nimeanza kikohozi leo mchana ili Jumamosi kiwe kimeiva. Babu amenisikiliza kutoka kitandani kwake. Amesema kikohozi hicho hakimzuii hata paka, kitoe chini zaidi, kifuani. Nimekitoa chini zaidi. Kikatoka kingine, si kikohozi, kikanilowesha macho, kikanichukua muda kukizuia.

Babu amesema hicho kidogo kinafaa. Kesho tutaendelea baada ya chai.