Kipande cha Bukoba Nilichokimeza

Leo nimekula mji. Nalisema mwenyewe mapema, kabla hamjalisikia kwa bodaboda wa Kashai, maana wao wataongeza chumvi. (Chumvi haikuwepo. Ningekumbuka.)

Nyie mliosoma nami mnanijua. Tangu tumalize kidato cha nne sijakaa mahali nikaota mizizi. Mererani, Geita, Mtwara kwenye korosho, mwisho Tunduma. Kila nilikokwenda niliwasimulia watu habari za Muleba mpaka wakawa wananikwepa. Nikianza tu "Huko kwetu ndizi..." mtu keshahama benchi. Mwezi uliopita nikasema basi, inatosha, narudi nyumbani. Siku tatu barabarani! Miguu ikavimba, mgongo ukakataa kunyooka, na tulipoiona migomba ya kwanza ya Muleba nikalia dirishani. Jirani yangu wa kiti akadhani nimeibiwa simu.

Tatizo ni kwamba kwetu hakuna tena kwetu. Wazee walishafariki. Kibanja, shamba letu la migomba, kaka yangu alikiuza, naye akahamia Karagwe. Kilichobaki ni mtumbwi wa baba, ule wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu, uko kwa jirani. Nikasimama mbele yake kidogo kama mtu aliyefika msibani amechelewa, kisha nikaenda Bukoba mjini kutafuta kazi.

Nikampata Kemi. Binti wa hapa hapa, rika la wapwa zangu, amesomea vijidudu vya maabara na uchoraji kwa pamoja. (Msiniulize ni darasa gani hilo.) Amepanga ghala la zamani la kahawa kule Kagondo. Ndani ana meza ya kioo kubwa kama kitanda cha futi sita. Juu yake amemwaga jeli iliyopikwa kwa mwani, na kwenye jeli anaotesha vijidudu. Alizunguka mji mzima na vijiti vya pamba, akapangusa meza za sokoni, mishikio ya bodaboda, mawe ya ziwani, mifereji, mpaka mlango wa benki. Kila alichopangusa akakipanda. Siku chache baadaye yakaota madoa ya waridi, ya kijani, ya njano, meupe.

"Hii ndiyo Bukoba," akaniambia. "Ila si kama tunavyoiona sisi. Kama wanavyoiona wao."

"Wao kina nani?"

"Wenye mji, Ta Deo. Sisi wapangaji tu."

Akanieleza kwamba kwao benki ni jangwa, maana inapigwa deki asubuhi na jioni. Mfereji wa nyuma ya soko ndio mjini kati. Sisi tukipanga mji tunauliza gari litapita wapi. Wao wanauliza unyevu uko wapi na sukari iko wapi. Kemi anataka watu wautazame mji huo, wajiulize ungejengwaje kama na hao wangehesabiwa wakazi. Nilielewa nusu. Hiyo nusu ikanitosha, maana nimeishi miji mingi na hakuna hata mmoja uliowahi kuniuliza mimi nataka nini.

Akanipa kazi ya ulezi: kupima joto, kufunika kioo, kufukuza mende. (Kwa nini mende hawakuhesabiwa wakazi, sijui.) Aliposikia habari za mtumbwi wa baba akanituma Muleba na kijiti cha pamba. "Ulikotoka nako kuingie mjini," akasema. Nikaupangusa mtumbwi, nikarudi na kichupa nimekikumbatia kama mtoto mchanga. Akakipanda jioni, mimi nimeshaondoka.

Siku ya tatu nikaangalia meza. Muleba iko kusini mwa Bukoba, hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Nikatazama ukingo wa chini kabisa. Hapo palikuwa na doa la njano, la duara, safi kama kiini cha yai. Moyo ukaniambia: huyo ni baba.

Kwa wiki mbili kila asubuhi nikawa nainama pale. "Shikamoo, tata." Namweleza kulivyokucha. Namwambia safari hii sitaondoka tena.

Katikati ya meza kulikuwa na doa jingine, jeupe, kubwa, lenye mikunjo, linawasukuma wenzake kila siku. Hilo nililichukia. Nikamwambia Kemi alikate. "Huyu ni mkorofi, anamaliza nafasi za watu." Kemi akacheka, akasema kila mji una wa aina hiyo.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya uzinduzi. Kemi alikuwa amesema wazi: watu wakija na mgeni rasmi akiridhika, kazi ya ulezi ni yangu moja kwa moja, na chumba cha nyuma ni changu. Chumba kina dirisha linalotazama migomba. Jamani, dirisha linalotazama migomba!

Saa mbili asubuhi nikapewa kipaza sauti, nikakaa nyuma ya bodaboda, nikatangaze Kashai. Hapo ndipo woga ulipoanza kunishauri. Nikisema "vijidudu" watu watafunga milango. Nikisema "bakteria" ataitwa afisa afya. Nikakumbuka zahanati, jinsi wanavyokupima na kukuambia kwa upole, "Una wadudu." Neno la kawaida. Kila mtu ameshaambiwa anao.

"Wadudu wetu wa Bukoba! Wako hai! Kuwatazama ni bure! Ghala la kahawa Kagondo, saa nne!"

Nikajiona bingwa. Kumbe betri ilikuwa inakufa na kipaza sauti kinameza maneno. Halafu lingine, kubwa zaidi: nimekaa mbali mpaka nimesahau ni wadudu gani Mhaya anawangoja wakati huu wa mwaka. Senene, wale panzi wetu wa kukaanga, wamechelewa. Watu wamekaa wanaangalia taa za barabarani kwa huzuni. Basi Kashai ikasikia hivi: "Wadudu... Bukoba... hai... bure."

Saa nne ua ukajaa mpaka ndani ya ghala. Kemi akanishika mkono, macho yamemtoka.

"Ta Deo, umefanyaje? Sijawahi kuona watu wanapenda sanaa namna hii!"

"Ni kujua kuongea na watu tu," nikajibu. (Mdomo huu.)

Ndipo nikaona sufuria. Kisha ndoo. Kisha viroba. Kisha mama mmoja amebeba kikaango, mafuta yameshawekwa.

Mbele ya wote alisimama bibi mmoja wanayemwita Ma Paskazia, mwimbaji wa kwaya, sauti yake inafika ziwani bila msaada.

"Waitu, jamani, wako wapi?"

"Hao hapo, Ma. Kwenye kioo."

Akavaa miwani, akainama. "Mbona hawana miguu?"

"Ni wadogo sana, Ma."

"Wadogo kama nini?"

"Mmoja mmoja hawaonekani kwa macho."

Akanyooka. Akawageukia watu. "Anasema senene wake hawaonekani!"

Wakacheka kwanza. Kisha wakakumbuka wametoka mbali. "Mimi nimefunga duka!" "Mimi nimetoka Kemondo!" "Tapeli huyo, mshikeni!" Mgeni rasmi, mama mmoja wa ofisini, alikuwa ameshasimama kando ya meza. Badala ya kukata utepe alitakiwa abonyeze kidole gumba kwenye jeli, aache wadudu wake nao waingie mjini, kwa hiyo kioo kilikuwa wazi. Nikamsikia anamuuliza Kemi kama fujo hiyo ni sehemu ya maonyesho.

Nikaona chumba changu kinaondoka. Na dirisha lake. Nikapanda juu ya kreti la soda.

"Ndugu zangu! Si senene, ni kweli, lakini ni wa kwetu! Ndio wanaochachusha rubisi! Huyu hapa wa njano ametoka kwenye mtumbwi wa marehemu baba yangu, Muleba!"

Rubisi! Neno hilo likatuliza ua wote. Sufuria zikashushwa. Ma Paskazia akasogea, akalitazama doa langu kwa heshima mpya.

"Kwa hiyo hii ni rubisi?"

"Tuseme ni mama yake rubisi."

"Vizuri. Onja."

Niwaeleze mashemeji mlio humu kwenye kundi. Kwetu anayekukaribisha pombe huonja yeye kwanza, unamwona, ndipo akupe. Asiyeonja ana lake moyoni. Nimezurura nchi nzima, nimesahau mpaka msimu wa senene, lakini hilo sikulisahau. (Kichwa changu kina utaratibu wake.)

"Onja! Onja!" Ua mzima. Kemi alikuwa upande wa pili anambembeleza mgeni rasmi. Nikajiambia, huyu ni baba. Rubisi yake nimeinywa tangu sijaota ndevu, itanifanya nini? Nikachota kwa kidole. Doa lote. Nikameza.

Ladha ilikuwa ya sarafu ya zamani. Nikafumba macho.

"Ladha ya nyumbani," nikatangaza.

Makofi! Vigelegele! Kwa pumzi kama tatu hivi nilikuwa mtu wa Bukoba, mwenye kazi, mwenye chumba, mwenye dirisha.

"Ta Deo!" Kemi alipiga kelele mpaka kikaango kikamponyoka yule mama. "Umekula nini?"

"Muleba," nikasema.

"Muleba ni hiyo hapo katikati! Lile jeupe!"

"Lakini Muleba iko kusini."

"Kusini kwa nani? Wao wanajua kusini? Si nilikueleza? Nimepanga kwa unyevu na sukari! Mtumbwi wa rubisi ndio mji mkuu wao! Huko ukingoni nimeweka vitu vikavu, vya chuma. Hiyo uliyokula ni..."

"Ni nini?"

Akamtazama mgeni rasmi. Mgeni rasmi akatazama dari.

"Sema, mwanangu," Ma Paskazia akasema. "Mtu ameshameza, anataka kujua."

"Ni komeo," Kemi akasema polepole. "Komeo la choo cha baa moja ya Kashai."

Kisha Ma Paskazia akaweka sufuria yake chini taratibu, ili apate mikono miwili ya kucheka. Wengine wakafuata. Kuna mzee alilazimika kushikwa.

Mimi nilikuwa nahesabu. Wiki mbili. Kila asubuhi. "Shikamoo, tata." Nimelisimulia komeo la choo ndoto zangu. Na baba, baba mwenyewe, yule aliyekuwa anapanuka katikati ya mji kwa raha zake, nilimwita mkorofi nikataka akatwe.

Muuguzi mmoja aliyekuja na ndoo ya kuwekea senene akanipa maji, akaniambia nikiharisha au nikipata homa nikimbilie kituo cha afya, nisisubiri. Akaniuliza umri wangu. Nikasema arobaini na nne. Akasema, "Pole," lakini sikuelewa ni pole ya kipi.

Mgeni rasmi akafuta machozi, akabonyeza kidole gumba, akasema hajawahi kuhudhuria uzinduzi mzuri kama huu. Watu waliokuja kwa ajili ya senene wakapanga foleni kuzunguka meza, wanaulizana mtaa wa nani una wadudu wengi. Kashai wakawazomea Kagondo. Mambo yakawa mazuri kabisa! Kwa kila mtu isipokuwa mmoja.

Kemi akanivuta pembeni.

"Ta Deo, ulezi siwezi kukupa. Mlezi anayekula mji simwachi peke yake na mji."

"Naelewa."

"Lakini chumba chukua. Nina kazi nyingine. Sasa hivi na wewe ni makazi, unaona? Kila asubuhi nitakupangusa ulimi, nione nani amehamia na nani amehama. Watu watakuja kukutazama."

"Nitakuwa wapi?"

"Kwenye kiti, kando ya meza. Tutaweka na kibao."

Nilikwenda pale kutafuta kazi ya kulinda mji. Nikapewa kazi ya kuwa mji.

Nikamwambia anipe dakika nifikirie. Na nilifikiria kweli, lile dirisha nililitaka mno. Nikatoka nje kupata hewa. Bodaboda watatu walikuwa getini. Mmoja akawasha pikipiki.

"Komeo! Twende wapi?"

Nusu saa haijaisha! Nikaona maisha yangu yote yaliyobaki. Komeo sokoni. Komeo kanisani. Siku ya mwisho, padri amesimama: "Mpendwa wetu, ambaye wengi tulimfahamu kama Komeo..."

Nikarudi ndani kuchukua begi. Watu walikuwa wamepungua. Nikaenda katikati ya meza, nikavua kofia. Doa jeupe lilikuwa limejinyoosha mpaka karibu na mlango wa benki.

"Nisamehe, tata. Panuka."

Kemi akaniahidi hatalikata. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika ya kuondoka. Nikasema ninayo, huku sina. Ma Paskazia akanipa kahawa ya kutafuna ya njiani, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Nenda salama, Komeo."

Sasa niko ndani ya gari, Kemondo tumeshaipita, Muleba nitaipita bila kushuka. Safari hii sirudi. Najua mmenisikia nikisema hivyo mara nyingi, lakini zamani sikuwa na sababu yenye jina. Tumbo linanguruma na sijui kama ni wao au ni woga. Msicheke, nawaomba. Konda amenikatia tiketi ya mtu mmoja, nami sijamwambia tuko wangapi.