Kikohozi cha Kompyuta ya Nelima

Wewe ushawahi kusikia kompyuta ikikohoa? Si kukohoa kidogo kama mtu aliyepaliwa na chai. Nasema kukohoa kama ng'ombe mzee, halafu inapiga mluzi, halafu inanguruma mpaka vikombe vya jirani vinatetemeka. Ya Nelima, pale soko la Kabuchai, ilikohoa hivyo wiki tatu nzima.

Gazeti ndilo lililowasha moto Jumanne hiyo. Kiptanui, muuza dawa za mifugo ambaye wote humwita Daktari, alisoma kwa sauti ati ng'ambo kuna kompyuta inasikiliza mtu akikohoa, kisha inamtajia ugonjwa wake papo hapo.

"Na ikikohoa yenyewe, inapelekwa wapi?" aliuliza Kukhu Dinah, bibi mwenye chai na mwenye benchi, akimimina kutoka juu bila kumwaga tone.

Wote waligeuka kutazama mlango wa Nelima, mpiga chapa. Alitoka na karatasi mkononi, jasho likimetameta puani.

"Leo mteja wa Malakisi ameniuliza kama nafuga nyuki," alisema. "Nampigia chapa programu ya mazishi ya baba yake, na yeye anacheka. Sikizeni. Dada yangu Ivy amenipatia chumba Kitale. Hii kitu isipopona leo, Jumamosi mimi nahama."

Kwenye ncha ya benchi, Wangila aliungua ulimi. Huyu ndiye mwenye kinu cha kusaga unga, mlango unaofuata, na kwa sababu nyusi zake huwa nyeupe saa zote, jina lake ni Vumbi. Alijua jambo ambalo wengine hawakujua. Mwezi wa kwanza alikata tundu la ukubwa wa sahani kwenye ukuta wa mabati kati ya kinu chake na ofisi ya Nelima. Alimwambia ni la hewa. Kwa kweli, kupitia hapo alikuwa anaona kilemba cha Nelima akiwa anachapa. Kilemba tu, na kilimtosha.

"Hiyo ni mkanda," akasema haraka. "Mkanda umelegea."

"Kompyuta haina mkanda, Vumbi," alisema Sachin. Huyu huja kila Jumanne kutoka duka la familia yao Bungoma mjini, kuleta mikanda ya vinu, na chai ya Kukhu humchelewesha mpaka jioni. "Ingekuwa nao ningeshamuuzia Nelima mbili."

"Ngojeni kwanza mgonjwa apimwe," alisema Daktari. Alienda dukani kwake, akarudi na kile kipimo cha kusikiliza moyo wa ng'ombe. Akakibandika ubavuni mwa kompyuta, akafumba macho.

"Imemeza kitu. Misumari. Ng'ombe mmoja wa kule Matulo alikuwa na sauti hii hii."

"Ulimfanyia nini?" aliuliza Sachin.

"Nilimmezesha sumaku. Ninayo hapa mfukoni."

"Toa hiyo kitu karibu na kompyuta yangu," alisema Nelima.

"Sumaku ni laini, madam, haiumi."

"Daktari, bana, sumaku itafuta programu za mazishi ya watu kumi na wanne," alisema Sachin, akimshika mkono.

"Si mngeitilia mafuta ya kupikia kidogo," alisema Kukhu. "Mlango wangu ulikuwa unalia hivyo."

"Kukhu, ukiitilia ya kupikia itaanza kukaanga," alisema Sachin.

Benchi zima lilicheka mpaka likainuka upande mmoja, na Wangila akacheka kuliko wote, kicheko cha mtu anayetafutwa.

Sachin alizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akaitisha bisibisi. Skrubu nne aliziweka ndani ya kisosi cha Kukhu zisipotee. Kifuniko kilipotoka, wote waliinama kuchungulia. Feni ilikuwa imevaa koti. Kila panga lake lilikuwa na unga umeshikana, na chini yake unga mwingine umejaa hadi kona za sanduku, umeiva kwa joto.

"Hii si kompyuta," alisema Daktari. "Hii ni sufuria."

Kukhu Dinah alichovya kidole, akaweka ulimini, akatafuna kwa utulivu kama mtu anayesoma barua.

"Wimbi na muhogo. Wimbi ya kina Wepukhulu, ile waliyosaga Alhamisi, ilikuwa na mchanga kidogo." Akachovya chini zaidi. "Hii nayo ni mahindi ya zamani. Imeoza kidogo. Ni ya yule mzee alisema ati ni ya kuku."

Macho yote yakamhamia Wangila. Halafu yakapanda ukutani, yakafika kwenye tundu, na wakati huo huo kiwingu kidogo cha unga kikapita hapo polepole, kikatua juu ya meza ya Nelima.

"Ni mimi," alisema Wangila. "Unga ni wangu, na tundu ni langu. Nimejua tangu Ijumaa, nilipouona ukipita hapo."

"Tangu Ijumaa," alisema Nelima, "na umekaa hapo unaniambia mkanda."

Wangila alichukua bati na nyundo, akaziba tundu mwenyewe, misumari minane mahali palipotosha minne. Sachin alishika feni kwa kijiti cha kiberiti isizunguke, akaifagia na brashi ya rangi, akabandua karatasi ndogo iliyobandikwa katikati ya feni, akadondosha tone moja la mafuta ya cherehani. Wakafunga, wakawasha.

Kimya.

"Imekufa," alisema Daktari, akichomoa kipimo chake tena.

"Inafanya kazi, angalia kioo," alisema Sachin.

Kukhu alianza kupiga makofi. Nelima alitabasamu, kisha akaanza kukunja waya za printa.

"Asanteni. Lakini kinu kiko pale pale, na unga utapata njia nyingine. Ivy anangoja jibu leo."

Wangila alitoka. Wakasikia kinu kikizimwa, wateja watatu wakilalamika na mikebe yao, na mara akarudi, akasimama mlangoni, nyusi nyeupe, nyundo bado mkononi.

"Weka hiyo nyundo chini kwanza, Vumbi," alisema Kukhu. "Unatisha watu."

Akaiweka.

"Nelima, mwambie Ivy hapana. Lile tundu halikuwa la hewa, lilikuwa la kukuona. Miezi yote hii nataka kukuambia tuoane, nikija hapa naishia kuitisha chai. Usiende Kitale. Kinu nitahamisha mimi."