Chupa Nyekundu Dirishani

Jumatatu, 3 Machi
Ijumaa jopo linakuja maabara kuamua kama nitapanda kuwa profesa. Nafasi ya mwisho kabla ya kustaafu! Ushahidi wangu wote umo kwenye chupa moja ndogo: rangi nyekundu niliyoikamua kutoka maua ya mke wangu kwa misimu mitatu. Bustani yake imebaki vijiti. Hakulalamika. Aliomba tu nisimwaibishe.

Fundi wa maabara kaiviringishia chupa karatasi ya foili. Jopo litaona nini? Nimeibandua. Chupa nimeiweka dirishani, ing'ae.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu wa maabara ya pili, Mzee wa Suti, kapita mara tatu. Anakitaka cheo hicho hicho. Alisema rangi yangu nzuri mno. Mno! Nimebadilisha kitasa. Fundi aliuliza foili iko wapi. Nilimwambia aoshe vyombo.

Jumatano, 5 Machi
Chupa imekuwa ya njano! Mzee wa Suti kaibadilisha, sina shaka. Nimemwandikia mkuu wa idara kurasa mbili.

Mchana nikafundisha mwaka wa tatu kama kawaida: jinsi mwanga unavyoikunja molekuli iliyonyooka, na rangi ikageuka nayo. Binti mmoja aliuliza kama ndiyo yaliyoipata chupa ya dirishani. Nilimwambia asitoke nje ya mada.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi aliwaeleza wanajopo, kwa upole, kwamba ni jua. Barua yangu ilikuwa mezani mbele yao. Mzee wa Suti aliangalia viatu vyake. Hata hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Cheo kapewa yeye.

Nyumbani mke wangu alikuwa anapalilia vijiti. Nilimwambia nimemwaibisha, nikalia kama mtoto. Aliniambia ninawe uso, chai ipo.

Jumatatu, 9 Juni
Yamechanua maua matano. Mke wangu kanikatia yote, mwenyewe, bila kuombwa. Nimepata matone machache, mekundu kwelikweli! Nimemwahidi nitayalinda kama mboni ya jicho.

Fundi kaifunga chupa kwa foili tena. Lakini Mzee wa Suti siku hizi ana funguo zote za idara, na kitu kilichofunikwa ni rahisi kubadilishwa. Safari hii sichezewi. Nimeifunua, nikaiweka dirishani, mahali ninapoweza kuiona kutwa nzima.