Cheti cha Kuwa Familia

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu hakuna mtu atakayeruhusiwa kuwa na familia bila cheti. Tangazo lilibandikwa sokoni, kituo cha basi na kwenye mlango wa choo cha umma, ambako watu husoma kwa utulivu.

Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba familia ndiyo msingi wa jamii. Na msingi, alisema Mkurugenzi wa Idara ya Uthibitisho wa Familia, haujengwi kienyeji. Tangu dunia iumbwe watu wamekuwa wakioana, wakizaa na kununiana bila mwongozo wowote. Sasa basi.

Mimi nilichukuliwa kuwa mkaguzi wa muda. Sifa zilizotakiwa zilikuwa kujua kusoma na kuwa na viatu. Kusoma nilijifunza katika shule nne, kila moja kipande chake. Viatu niliazima.

Wataalamu walikuwa watatu, kila mmoja na elimu yake. Bwana Utulivu aliamini kwamba familia ni mashine na kila mtu ndani yake ni skrubu yenye kazi moja. Bi Mvutano aliamini kwamba familia ni mahali ambapo mwenye nguvu hula nyama na mnyonge hupewa mchuzi, kwa hiyo alihesabu vipande. Bwana Ishara aliamini kwamba familia ni vile watu wanavyoitana tu, akatembea na daftari kuandika nani kamwita nani nini. Watatu hawa hawakuwa wakisalimiana, ila walipanda gari moja.

Kanuni zilikuwa mbili. Nyumba ikipata chini ya alama kumi kati ya thelathini, inavunjwa na wakazi wake wanagawiwa kwenye nyumba ya karibu yenye cheti. Lakini nyumba yoyote itakayozidi alama za Familia ya Kielelezo inapata cheti papo hapo. Familia ya Kielelezo ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe. Haikuwa imepimwa. Jua, tuliambiwa, halishikwi paji la uso kujua kama lina homa.

Tukaanza na nyumba ya Mama Cherehani, mshona sare za shule. Alikaa na Babu Kufuli, fundi aliyekuja miaka minane nyuma kutengeneza kitasa na hajamaliza. Alikuwepo pia Kibiriti, msichana wa miaka tisa. Mama yake alimleta akiwa mchanga siku aliyokuja kupunguziwa gauni, akasema anarudi sasa hivi. Gauni bado lipo.

"Hamna damu wala ndoa," alisema Bwana Utulivu. "Sasa nyie ni nini?"

"Wenye njaa," alisema Babu Kufuli. "Kaeni, chakula kinaiva."

"Nani mkubwa humu?" aliuliza Bi Mvutano.

"Inategemea," alisema Mama Cherehani. "Mlango ukigoma, ni babu. Paa likivuja, ni mimi. Barua ikija kwa lugha yenu ya ofisini, ni huyu mtoto."

"Skrubu haihamihami," alisema Bwana Utulivu, akakata alama.

Bwana Ishara alimwinamia Kibiriti. "Huyu unamwitaje?"

"Mama."

"Lakini si mama yako."

"Na wewe unaitwa Bwana. Watumwa wako wako wapi?"

"Shika adabu, wewe," alisema Mama Cherehani, lakini alimwongezea mboga. Bi Mvutano akaandika: upendeleo.

Walipata alama tisa. Nikasoma uamuzi kwa sauti ya serikali: nyumba inavunjwa, mtoto atachukuliwa Ijumaa. Babu Kufuli alichukua bisibisi na kuanza kufunga kufuli ya pili mlangoni, na sisi tukiwa bado ndani.

Ofisini, karani wa masjala alikataa kugonga muhuri. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja kustaafu, na mtu wa hivyo haogopi radi.

"Hapa pameandikwa 'alama za Kielelezo'," alisema. "Pako wazi. Fomu yenye pengo siigongi."

"Jaza thelathini," alisema Bwana Utulivu.

"Mmepima?"

Hawakuwa wamepima. Tukaenda.

Sebule ya Mkurugenzi ilikuwa na makochi ambayo nailoni yake haijavuliwa. Alituvalia tai, akawapanga mke na mtoto kwa urefu.

"Mwanao yuko darasa la ngapi?" aliuliza Bwana Utulivu, kwa heshima zote.

"La nne."

"La saba, mheshimiwa," alisema mtoto.

Kalamu ya Bwana Ishara ilikimbia. "Huwa unamwita baba yako mheshimiwa?"

"Tukikutana."

"Nani anaamua kinachopikwa?" Bi Mvutano alimuuliza mke.

"Yeye. Ila kula hali hapa."

"Na mtoto alipougua, nani alikaa naye?"

"Mpishi."

"Baba je?"

"Alitoa tamko."

Kielelezo kilipata alama nne. Wataalamu walikubaliana kwa mara ya kwanza, wakatazamana kwa hofu. Karani alijaza pengo na kugonga muhuri. Tisa inazidi nne, kwa hiyo Mama Cherehani akapata cheti na Kibiriti akabaki kwake. Nne haifiki kumi, kwa hiyo nyumba ya Mkurugenzi ikavunjwa. Mkurugenzi aliomba afikiriwe chini ya kanuni ya pili, lakini ilimtaka azidi alama za Kielelezo, na Kielelezo ni yeye. Alijitahidi kujizidi, ikashindikana. Mkewe na mtoto waliomba wagawiwe kwa mpishi, wakaondoka bila kungoja jibu. Yeye alibaki na daftari la nyumba zenye cheti, lililokuwa na jina moja.

Ijumaa nilimsindikiza na sanduku lake. Babu Kufuli alifungua kufuli zote mbili, polepole, akamtazama kuanzia tai hadi viatu.

"Nimegawiwa hapa," alisema Mkurugenzi, na sauti yake haikuwa ya serikali tena. "Sijui... humu nitaitwa nani?"

Mama Cherehani alikata uzi kwa meno.

"Tutakuangalia kwanza," alisema. "Kibiriti, mwonyeshe mwenzio vyombo vilipo."