Mahindi Yaliyofungiwa Getini

Jumatatu, 26 Mei

Salamu kumi na tisa kabla ya chai. Uwanja wangu umegeuka njia. Kila anayekwenda dukani hapa Singe anakatiza mlangoni kwangu, na kila mmoja anauliza mke wangu Aikande anarudi lini kutoka Moshi. Jumamosi! Kaniachia kazi moja tu, kuanika mahindi yetu ya mwaka mzima. Nitayaanikaje kwa kelele hizi? Kesho napiga uzio.

Jumanne, 27 Mei

Uzio umesimama. Mabati ya zamani, marefu kuliko mimi. Geti. Kufuli. Jirani yangu Mama Jenipher, mwenye benchi lisilokauka watu, kauliza mvua ikija nani atayaanua mahindi. Nikamjibu kistaarabu kwamba mvua imeshaaga. Wivu tu.

Jumatano, 28 Mei

Salamu, hakuna. Raha! Nimetandika turubai, nikamwaga mahindi yote, nikakaa kuyatazama. Hakuna aliyeyasifia. Mchana nikachungulia kwenye tundu la msumari. Kwa Mama Jenipher walikuwa wanacheka. Sijui walicheka nini, na imeniuma.

Alhamisi, 29 Mei

Balaa. Nilikuwa sokoni, ufunguo mfukoni, mvua ikashuka. Mtaani kwetu wingu likitanda, aliye karibu anaanua mahindi ya mwenzake bila kuombwa. Ya kila mtu yameanuliwa, hata ya mwalimu aliyesafiri. Yangu yanaogelea. Baba Brayan, jirani wa nyuma, kasema waligonga geti mpaka wakachoka. Alijaribu kuruka, suruali ikachanika kwenye bati. Kanionyesha mpasuko, mbele za watu. Aikande ataniua.

Ijumaa, 30 Mei

Mama Jenipher kaja asubuhi na akina mama watatu, ndoo mkononi. Wamegawana mahindi yangu, kila mmoja akaanika mbele ya nyumba yake na kuyageuza kutwa. Nimelia kidogo. Mama Jenipher kasema aliyelowesha mahindi ni uzio, mvua imesingiziwa. Nimekubali, kasema kweli.

Jumamosi, 31 Mei

Aikande karudi, kayakuta mahindi yamesalimika. Kauliza uzio wa nini. Nimemwambia atulie, mumewe amejifunza. Kuanzia leo tunaanika nje ya uzio, mtaa mzima uyaone. Uzio unabaki. Pembeni ya turubai nimesimika kibao, kwa mwandiko wangu bora: MARUFUKU KUSIMAMA HAPA, ISIPOKUWA MVUA IKIJA.